Mzunguko wa Mwisho wa Kitambaa cha Mwalimu

Mimi nina vitambaa vya viti saba. Viti vyenyewe sina. Nakaa chumba kimoja hapa Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, na ndani kuna kitanda, meko ya gesi, stuli mbili za plastiki na begi kubwa la mistari ambalo halifungiki kwa sababu ya vitambaa: vipana vya kuwekwa mgongoni mwa kochi, vidogo vya mahali pa mikono, na kimoja kirefu cha kiti cha watu watatu. Wenzangu kazini hunicheka. "Kwa hivyo unaanza na vitambaa, halafu kochi, halafu nyumba, halafu bwana?" Nawaambia ndiyo, huo ndio mpango. Mtu akianza na kochi anaweza kukaa miaka kumi bila kitambaa na asione haya. Lakini mwenye vitambaa hawezi kutulia mpaka kochi ifike.

Kazi yangu ni kusuka nywele kwenye saluni mjini. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na hesabu iliyobaki kichwani ni ya kuhesabu matundu ya uzi. Nasuka vizuri, ila nakaza. Kuna mama mmoja nilimsuka Ijumaa, akarudi Jumatatu kunilalamikia kwamba tangu atoke kwangu alikuwa hajaweza kufunga macho sawasawa, na kwamba kanisani pasta alimtazama sana akidhani ameguswa na mahubiri. Nilimlegezea pale mbele tukacheka. Sasa, mkono huo wa kukaza nywele ndio huo huo ninaofumia, na taabu yangu yote ilitoka hapo.

Kufuma ninakosema ni kule kwa sindano moja yenye kichwa kilichopinda kama ndoano, huku kwetu tunaita krosheti. Sijaona nyumba kati ya Nyeri na Karatina isiyo na kitambaa cha krosheti mahali. Kiko juu ya kochi, juu ya redio, juu ya televisheni hata zile bapa za siku hizi ambazo hazina mgongo wa kuwekea kitu. Kitambaa kinaning'inia mbele ya kioo, watu wanatazama habari kupitia matundu, na hakuna anayethubutu kukitoa.

Kila Jumapili baada ya kanisa, mwendo wa saa nane, tulikuwa tunakutana watu wanne sebuleni kwa Mwalimu. Mwalimu alistaafu kufundisha zamani, lakini sauti haikustaafu. Yeye hafumi tena. Vidole vyake vimevimba viungo kwa sababu ya baridi, na Julai ya huku si ya kuchezea. Anafundisha kwa mdomo tu, ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, miguu ndani ya soksi mbili mbili. Wa pili alikuwa mke wa polisi, mtu wa kutoka magharibi, mcheshi, aliyeletwa Nyeri na uhamisho wa mumewe. Tulimwita Afande, kwa sababu mumewe anaamrisha watu mjini na yeye anamwamrisha mumewe. Wa tatu ni anti mmoja anayeuza vitunguu katika soko la Karatina. Yeye hufuma hata wateja wakiwa mbele yake, na ukinunua kilo mbili unaweza kupata kipande cha uzi mweupe ndani ya mfuko. Wa nne ni mimi, niliyeitwa Msusi.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya kila kitu. Kuku aliyekataa kutaga, mtoto wa Afande aliyeandika insha kuhusu simba na kusahau kumtaja simba, ile tamthilia ya jioni ambayo bibi harusi ametekwa kwa mara ya tatu. Lakini tulirudi kwa vitambaa kila mara, kama mbuzi anavyorudi kwa kamba. Siku moja tulibishana saa nzima juu ya kukaza kitambaa kisilegee baada ya kufuliwa.

"Mimi natumia sukari," akasema Afande. "Nakoroga na maji ya moto, nachovya, kinakauka kigumu kama mbao."

"Na sisimizi?" akauliza Mwalimu.

Afande akajikuna shingo. "Hao wanakuja, ndio."

"Wanakuja wangapi?"

"Mwalimu, wanakuja wote. Juzi bwana yangu aliegemea kochi akiwa na fulana, akaruka kama amepigiwa simu na mkubwa wake."

Anti wa Karatina akasema yeye hutumia uji mwepesi wa unga wa ngano. Mwalimu akatikisa kichwa kwa wote wawili. Kwake dawa ni maji ya mchele wa pishori, yale ya kwanza kuchemka, na mchele wenyewe analetewa na dada yake mkubwa anayekaa Kutus, karibu na mashamba ya Mwea. "Kitambaa kinakaa sawa, na kinanukia kama siku ya wageni," alisema. Nilijaribu nikiwa nyumbani. Ni kweli. Chumba changu kilinukia pilau siku mbili na jirani akaja kubisha akiwa na sahani.

Kitambaa chenyewe cha hadithi hii kilikuwa juu ya meza ndogo ya Mwalimu, chini ya picha ya mama yake. Ni cha mviringo, upana wake kama sinia kubwa, kilikuwa cheupe kikageuka rangi ya maziwa ya chai. Katikati kina maua, halafu yanafuata mananasi kumi na mawili yakizunguka, halafu pindo. Pindo hilo ndilo lililoniua. Lilikuwa na vijipembe vidogo vilivyokaa wima kimoja kimoja, kama meno ya mtoto, na sikuwahi kuona kwa mtu mwingine yeyote. Mama yake Mwalimu alikifuma akiwa mzee tayari, na kilikuwa kazi yake ya mwisho.

Nilikuwa nimeshapiga picha kitambaa hicho mara nyingi. Nilihesabu matundu kwenye simu nikiwa nimelala, nikakuza picha mpaka mananasi yakawa ukungu. Nilifika mzunguko wa kumi na nne, nikakwama. Na pindo sikulielewa hata kidogo. Nikamwuliza Mwalimu lilivyofumwa.

"Hilo siwezi kukuambia," akasema.

"Ni siri ya familia?"

"Siri gani! Mama hakunieleza kwa maneno. Alinishika vidole, akavipeleka. Vidole vilijua, mdomo haukuwahi kujua. Sasa vidole vyenyewe ndio hivi." Akaviinua, akavitazama kama watoto waliofeli.

Nadhani alinionea huruma, maana Jumapili iliyofuata alikitoa kitambaa juu ya meza, akakikunja ndani ya karatasi safi, akanipa nikae nacho wiki moja nikihesabu kwa nafasi yangu. Afande alipiga mluzi. Mwalimu hakuwahi kukiazimisha kwa mtu.

"Jumapili ijayo nakitaka mezani saa sita," Mwalimu akasema. "Tunamkumbuka mama. Dada yangu anakuja kutoka Kutus, na yule akiingia nyumba hasalimii watu kwanza. Anaenda moja kwa moja kwa kitambaa, anakishika. Kikikosa siku hiyo, bora nikose mimi."

Nikasema, "Mwalimu, hata usiwe na wasiwasi." Nimejifunza tangu hapo kwamba mtu akiambiwa hivyo, huo ndio wakati wa kuanza wasiwasi.

Jumatatu nilihesabu, Jumanne nikapita mzunguko wa kumi na nne nikiimba. Mananasi yakakubali. Ikabaki pindo. Nililigeuza mbele na nyuma, nikalimulika na tochi ya simu, nikachokoa na sindano. Wapi. Ndipo nikafanya kitu ambacho mtu asiyefuma hawezi kukifanya, kwa sababu asiyefuma hajui njia hiyo. Sisi ambao hatukujifunza kwa vitabu tunajifunza kwa kufumua. Unatafuta ncha ya mwisho, unaifungua, unavuta polepole tundu moja moja huku ukitazama uzi ulikopita, halafu unarudisha ulivyokuta. Nimefumua vitambaa vya watu wengi hivyo. Nilijiambia nitafumua vijipembe vitatu tu. Vitatu!

Na nililiona fundo, kweli. Yule shosho, mama yake Mwalimu, alikuwa anaingiza sindano kutoka nyuma, si mbele, halafu anarudi kwenye tundu lile lile mara ya pili. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu chumbani. Nikavuta kingine nihakikishe. Uzi ukakatika.

Uzi mzee haupendi kusumbuliwa. Nikashika ile ncha iliyobaki nijaribu kuifunga, ikakatika mbele kidogo. Nikaacha, nikapumua, nikajaribu upande wa pili, nao ukakatika. Ulikuwa umeoza polepole miaka yote hiyo, umeshikiliwa na mazoea tu. Nilipoacha kugusa, nusu ya pindo ilikuwa magotini mwangu ikiwa vipande vifupi vilivyojikunja kama nywele za mtoto. Nusu iliyobaki nayo ilikuwa inafumuka yenyewe kila nikikohoa. Nikalimaliza lote, afadhali, mzunguko mzima wa mwisho, nikabaki na kitambaa kimekatwa ndevu.

Nilikaa nikikitazama. Halafu nikajipa moyo: si fundo nalijua? Nitafuma upya, nani atajua. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweupe pepe, nikauchemsha kwa majani ya chai. Mara ya kwanza ukatoka rangi ya tairi. Mara ya pili nikatumia majani machache na kuuchungulia kama mandazi, ukatoka sawasawa kabisa, rangi ya maziwa ya chai. Usiku huo nililala vizuri, mjinga mimi.

Jumatano asubuhi kabla ya kazi nikafuma mzunguko mzima. Fundo lile lile, hesabu ile ile. Nikakiweka kitambaa juu ya stuli. Hakikulala. Kingo zote ziliinuka juu, kikasimama kama bakuli. Nikakikandamiza kwa kiganja, nikaondoa mkono, kikainuka tena taratibu, kama mtu anayekataa kulala mchana.

Mchana nilikipeleka kwa Afande, kule kwenye laini ya nyumba za polisi. Alikuwa anaanika nguo. Alifungua karatasi, akatazama, akakivaa kichwani.

"Hii sasa ni kofia," akasema.

"Afande, tafadhali."

"Si nakuambia ukweli? Imenitosha. Ningekuwa na harusi ningeenda nayo." Halafu akaona uso wangu, akakivua haraka. "Wewe! Usiniambie hiki ni kile cha Mwalimu."

Nikamwambia yote. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema shida ni mkono wangu, nakaza mno, kwa hivyo pindo linavuta kitambaa kizima ndani. Yeye mkono wake ni mlegevu, alegeze yeye. Tukafumua kofia, akafuma yeye mzunguko mzima akiwa pale pale uani, huku akimzomea jogoo wa jirani. Tukakitandaza juu ya ndoo. Safari hii hakikuinuka. Kilifanya mawimbi pande zote.

"Marinda," nikasema.

"Marinda ya sketi ya shule," akakubali. "Aki, Msusi, kati ya wewe na mimi tunaweza kuvalisha mtu mzima."

Wakati huo huo simu ikalia. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye kundi letu: "Msusi, kitambaa kinaendeleaje? Usikiache karibu na dirisha. Jua si zuri." Nikamjibu kwamba kinaendelea vizuri na kimelala. Afande alisoma juu ya bega langu, akasema, "Kimelala? Hicho? Hicho hakijawahi kuamka hivi."

Alhamisi ni siku ya soko Karatina. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kumwona anti wa vitunguu. Nilimkuta katikati ya magunia, kitambaa mkononi, akimwambia mteja bei bila kuinua macho. Alikipokea kile cha Mwalimu, akapitisha kidole kwenye pindo la Afande, akalitambua bila kuambiwa.

"Hii ni Afande. Na kabla ya hapo ulijaribu wewe."

"Anti, umejuaje?"

"Mkono ni kama sauti, mami. Unaweza kubadilisha wimbo, sauti ni ile ile. Wewe unafuma kama mtu anashona gunia ya viazi. Afande anafuma kama mtu anapungia gari. Mama ya Mwalimu alifuma kama..." Akafikiri. Akapima vitunguu vya mtu. "Kama mtu anamwosha mtoto. Hakazi, haachilii."

"Basi fuma wewe."

Akakataa. "Mimi nitakupa mkono yangu, itakuwa ya tatu kwa kitambaa ya mtu mmoja. Halafu huyo dada ya Kutus akishika atasikia sisi wote watatu tukiongea ndani." Alinirudishia. "Enda umwambie Mwalimu."

"Atalia."

"Atalia. Sasa wewe unataka alie kesho kutwa mbele yako, ama Jumapili mbele ya wageni?"

Sikumwambia Ijumaa, nawaambia ukweli. Ijumaa nilibadilisha sindano nikachukua namba kubwa zaidi, nikafumua pindo la Afande, nikafuma langu huku nimefumba macho nikijaribu kuwaza kuosha mtoto. Nikapata bakuli pana zaidi. Nikachemsha mchele, nikakichovya, nikakibana chini kwa vitabu vya nyimbo na sufuria mbili. Asubuhi kilikuwa kimelala kweli. Nilicheza densi. Nikageuka kuchukua chai, niliporudi, upande mmoja umeinuka, na wa pili unafikiria.

Jumamosi mchana nilibisha kwa Mwalimu. Alikuwa jikoni akimenya viazi vya kupondea mukimo wa kesho yake, amevaa aproni, sauti yake iko juu kwa furaha. "Ingia, ingia! Umekileta mapema, wewe ni mtu."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba njiani. Nilikuwa nianze na uzi mzee, nipitie kwa hali ya hewa, nifike kwa kosa langu polepole. Nilipofungua mdomo nikasema, "Nimeharibu."

Alinawa mikono, akaifuta kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akafungua karatasi mezani. Kitambaa kikainuka kikamtazama. Alipitisha kidole kwenye pindo mzunguko mzima, kutoka mahali hadi pale pale tena. Jikoni sufuria ya mahindi ilikuwa inachemka. Nilisikia kila pumzi yake.

"Umefumua," akasema.

"Nilitaka kuona fundo. Vijipembe vitatu tu. Uzi ukakatika, Mwalimu, ukawa unakatika tu."

"Uko wapi?"

Nilikuwa nimebeba vipande vyote ndani ya kopo la mafuta ya nywele lililooshwa. Nikampa. Alivimwaga kwenye kiganja chake. Hapo ndipo alipolia, si kwa sauti, machozi tu yalitoka yenyewe huku uso ukiwa umetulia. Mimi nililia kwa sauti kwa niaba ya wote wawili. Nikamwambia simstahili, nitaacha kufuma, nitatupa sindano zote mtoni.

"Wacha upuuzi," akasema huku akijipangusa. "Mto utafanya nini na sindano." Kisha baada ya muda, "Sasa hilo fundo. Uliliona?"

"Nililiona."

"Mama anaingiaje?"

"Kutoka nyuma, Mwalimu. Halafu anarudi tundu lile lile mara ya pili."

Aliinua kichwa. Mkono wake wa kulia ukafanya kitu hewani bila sindano, ukazunguka, ukaingia, ukarudi. Aliutazama kama si wake. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo! Kutoka nyuma. Ndio maana vinasimama." Akacheka kidogo na pua ikiwa imeziba. "Leta sindano."

Nikalifumua pindo langu, akajaribu. Alifuma vijipembe viwili, vizuri, vikakaa wima. Cha tatu sindano ikamponyoka, vidole vikagoma. Akajaribu tena, akauma meno. Nikamwona anaumia nikamwambia aache. Akasema yeye si mtu wa kuambiwa aache na mtoto wa kidato cha pili. Cha nne kikamponyoka. Ndipo akaweka sindano chini.

Tukakaa. Mahindi yakachemka mpaka yakamwagika, nikakimbia kuyaondoa. Niliporudi alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto. Kwa wasiojua, sindano hushikwa kwa mkono wa kulia, lakini uzi wenyewe unapitishwa juu ya kidole cha shahada cha kushoto. Kidole hicho ndicho kinachoachilia na kuzuia. Mkono wa kulia ni mfanyakazi tu. Mkono wa kukaza au kulegeza ni ule wa kushoto, na wa kushoto haufanyi kazi ya kukunjakunja vidole, unanyosha tu kimoja na kukaa.

"Njoo ukae hapa karibu," akasema. "Karibu, sina homa. Wewe utashika sindano. Uzi nitashika mimi."

Tulikaa kwenye kochi bega kwa bega kama watu wanaosoma kitabu kimoja cha nyimbo. Nikafuma mimi, uzi ukitoka kidoleni mwake. Mwanzo ilikuwa kama watu wawili kupanda baiskeli moja. Nilivuta kwa nguvu zangu za kila siku, uzi ukanikatalia, alikuwa ameubana.

"Unaenda wapi?"

"Nakaza tundu."

"Nani amekuambia limelegea? Ngoja nikupe."

Akanipa. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Nikafuma. Akanipa tena. Nikitaka kuharakisha ananizuia, nikisita ananisukumia. Baada ya mananasi mawili niliacha kuvuta. Baada ya manne niliacha hata kufikiri, nikawa nasikia tu uzi unakuja, unakuja, unasimama. Alianza kunisimulia mambo ya mama yake: kwamba alikuwa akifuma huku akiimba vibaya, kwamba alipenda ugoro na kupiga chafya ndani ya vitambaa, kwamba aliwahi kumfukuza mchumba wa kwanza wa Mwalimu kwa sababu alikalia kitambaa kikiwa na pini.

"Na wewe ulisikitika?"

"Kwa kitambaa? Sana."

Kwenye nanasi la tisa kidole chake kikashikwa na mkakamao. Akakiondoa akikikanda, mimi nikaendelea peke yangu vijipembe vitatu kabla hajaona. Aliporudi akavigusa. "Hapa uliachwa," akasema.

"Nifumue?"

"Weka mkono chini. Kufumua kwako kumetosha kwa mwaka huu."

Tulimaliza jua likiwa bado liko. Tulikiweka juu ya meza. Hakikuinuka, hakikufanya mawimbi. Mahali pale pa vijipembe vitatu tu palibetuka kidogo, kama nyusi. Mwalimu alikilaza kwa kiganja mara moja, akaondoa mkono, tukangoja wote wawili bila kupumua. Kikakaa.

Kesho yake niliambiwa nije saa sita na nisijifanye mgeni. Nilipakua mukimo, nikabeba maji ya kunawa, nikajificha nyuma ya jamaa zake wengi warefu. Dada yake wa Kutus aliingia na mfuko wa mchele begani na fimbo mkononi, mzee wa watu, kofia ya manyoya imefunika masikio. Hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja mezani, chini ya picha, akaweka mfuko chini, akashika pindo. Alifumba macho. Kidole kikaanza safari yake polepole, nanasi la kwanza, la pili, na mimi niliketi na kijiko mdomoni nisimeze wala nisitoe. Chumba kizima kilikuwa kikiongea juu ya barabara na mvua. Mwalimu peke yake hakuwa anaongea.

"Mm," dada akasema katika nanasi la sita. "Mama."

Akaendelea. La saba, la nane. Nanasi la tisa kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena, kikasimama pale pale. Akafumbua macho.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

Mwalimu akaelekeza mdomo upande wangu bila haya yoyote. "Ni huyo mwenye kijiko."

Watu wote wakageuka. Nilimeza kwa haraka, nikainua mkono.